Picha Nne za Pasipoti

Mhariri kaandika: nataka jalada,
mizinga mbele, bendera, moshi mwingi.
Moshi tunao, nikamjibu, umeandikwa hata kwenye bahasha.
Hakucheka.

Nyumba ya Mwalimu Anaeli Kisanga iko Kiboriloni,
nyuma ya vibanda vya mitumba.
Meza yake ya chakula haijaona sahani tangu mkewe afariki.
Juu yake ni Machi ya mwaka wa kumi na sita:
kilima cha Reata, magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa muhogo,
nyasi za katani, vumbi la tofali lililotwangwa,
na askari elfu moja mia mbili,
hakuna anayezidi kipande cha juu cha kidole changu.
Risasi ya betri za magari, kaiyeyushia kwenye kopo la Kimbo.
Mitutu ni meno ya kitana.
"Usiguse wenye vilemba," kasema, "rangi bado mbichi.
Nimewapaka upya jana, kwa ajili yako."

Mimi nimezoea nyuso za watu. Kibanda changu kipo karibu na stendi:
kaa wima, kidevu chini, masikio yaonekane,
vua miwani mama, usicheke, hii ni ya pasipoti.
Hawa hawapepesi. Hawaulizi kama wametoka weupe.
Nikawapuliza vumbi kwa bomba la sindano lisilo na sindano,
nikawawekea karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara
iwarudishie mwanga mashavuni.
Saa nne umeme ukakatika.
Tukaibeba meza hadi dirishani, kila mtu upande wake,
taratibu kama wabeba jeneza.
Wakaanguka tisa.
"Majeruhi wachache," akasema Mwalimu,
akawainua mmoja mmoja kwa kikoleo cha nyusi.

Kibo kilikuwa nje, kimejaa dirisha.
Nikadhani nitakipata nyuma ya bendera;
nilipomaliza kupanga, kikajivuta shuka la mawingu
kama mgonjwa aliyechoka wageni.
Basi tukachambua pamba, tukaichomeka midomoni mwa mizinga.
Nikaziba tundu la lenzi likabaki kama jicho la sindano,
nikabana pumzi, sekunde mbili.
Sisimizi akakatiza katikati ya vita, mkubwa kama fahali,
hakuna aliyemfyatulia.
Nikarudia.

Lenzi ya karibu ni bahili: inakupa upana wa kidole mmoja wa dunia,
vilivyo mbele yake na nyuma yake vinageuka uji.
Ndani ya uji ule nikaona vichwa vyenye mizigo,
msururu unaoshuka kilima hadi ukingoni mwa meza,
na kuendelea, juu ya kabati la vyombo.
"Wale?"
"Wapagazi. Mia tatu na kumi. Wageni huwa hawawaulizii."
Nikasogeza fokasi. Mmoja gunia, mmoja sanduku la risasi,
mmoja kiti cha afisa, kimepinduliwa kichwani, miguu juu.
Kila mmoja ana uso, umechorwa kwa unywele mmoja wa brashi,
isipokuwa wa kiti. Wa kiti ni risasi tupu.

"Huyo ni babu. Alitoka hapa na mzigo,
hata Same hakuna aliyesema alimwona.
Baba alikuwa mgongoni, sura hakuikumbuka.
Nitampakaje?"

Jalada nililipata saa nane: mizinga, bendera, pamba.
Kisha nikatoa begini kitambaa changu cha bluu,
kile cha kila siku,
nikamsimamisha mpagazi mbele yake, na kiti chake.
Kidevu chini, nikasema, sijui kwa nini kwa sauti.

Kesho yake Mwalimu akaja kibandani na koti la Jumapili.
Za pasipoti hutoka nne. Elfu tano, bei ni ileile.
Akataka risiti.
Moja akaichomeka nyuma ya kitambulisho chake cha taifa,
moja mfuko wa shati, mbili akazishika tu.
Nikafungua daftari la wateja, ndio utaratibu.
"Jina?"
"Ndetaulwa. Ndetaulwa Kisanga."
Nikaandika.
Safu ya namba ya simu nikaiacha wazi.