Kilo Tano Kasorobo

Somoe, ulipozaliwa mizani ya Newala ilishtuka.
Kilo tano kasorobo. Muuguzi akawaita wenzake,
wakaja watatu, mmoja bado anatafuna muhogo.
Bibi yako Nantende akapiga vigelegele mpaka wodi ya wanaume:
"Huyu kazaliwa ameshakula!"

Ulikuwa msimu wa mabibo.
Mimba yako niliibeba kwa kiu.
Ndoo ya maji ya kununua naimaliza peke yangu,
usiku natoka nje mara sita,
na asubuhi, pale nilipochuchumaa,
sisimizi wamepanga foleni
kama wakulima siku ya malipo ya korosho.
Nikawafagia. Kipimo kingine sikuwa nacho.

Saa mbili baada ya vigelegele ukalegea kama kitambaa.
Wakakutoboa kisigino, wakakimbia na dripu.
Daktari akanichorea nyuma ya kadi:
sukari ya mama hupita kwenye kondo, haibishi hodi,
na kongosho la mtoto hujifunza kazi mapema mno.
Kitovu kikikatwa, karamu imekwisha,
lenyewe bado linafukuza wageni.

Nikadhani habari imeishia hapo.
Ulinyonya, ukapona, ukanenepa, tukashukuru.
Darasa la tatu wakakuita Tenki.
Nilicheka nao, mwanangu.
Kile kicheko bado kinanikaa kooni.

Leo unanipigia simu kutoka kliniki,
mimba yako ina wiki ishirini na nne,
muuguzi anataka kujua ulizaliwa na kilo ngapi.
"Swali dogo tu, mama, anajaza fomu."
Nimekaa kitako jikoni, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda,
kadi ile nimeitoa sandukuni,
mchoro umefifia, mshale wa sukari bado unaonekana:
unatoka kwangu, unaingia kwako,
na ncha yake, sasa naona, daktari hakuifunga.

Mwambie. Usipunguze hata robo.
Mwambie mama yako alikuwa na kiu.
Wakikupa ile glukosi, inywe yote, kaa kwenye benchi saa zote mbili,
toa mkono wachukue damu, usione haya;
huenda isiwepo, huenda ipo,
na ikiwepo wewe una jina la kuiitia.
Chande akikuletea soda kwa mapenzi, mpe mapenzi, soda airudishe.

Na alfajiri ukitoka uani,
kabla hujashika ufagio,
tazama chini.