Wingu la Juu Kushoto

Duka la Jitesh, Barabara ya Sita, saa nane mchana.
Kamera mpya imekaa ndani ya kabati la kioo
kama keki ya harusi ya watu wengine.
Inazama mita ishirini, anasema Jitesh,
ukiiangusha juu ya mwamba inaamka,
vumbi letu hili inalicheka.
Laki tisa na nusu. Ukibisha sana, tisa.

Kubisha najua. Mwaka wa sita huu nabisha
kule Mtera, kwenye mashua ya tanga moja,
upepo wa alasiri unatujia usoni
nasi twaenda huko huko unakotoka,
kwa mshazari, kushoto, kulia, kushoto tena,
Lechipya ameshika demani, mimi usukani,
katikati ya miti iliyofia wima
bwawa lilipojaa,
na mpaka leo hakuna aliyeiambia ilale.

Kamera yangu ni ya njano,
rangi imebanduka pale penye kidole gumba.
Niliinunua mkononi mwa nesi wa Mvumi
siku alipohamishiwa Kahama.
Mpira wa kimlango chake umepasuka
kama kisigino cha mwezi wa nane,
na tangu Pasaka kuna ukungu nyuma ya lenzi,
juu, kushoto,
haukutoka kwa jua,
haukutoka kwa mchele nilioifukia siku tatu.
(Mchele tuliupika. Wageni walisifu.)

Basi kila picha sasa ina wingu.
Lechipya akikaza kamba: wingu.
Kiboko, au gogo, hatukukubaliana: wingu.
Mama ukingoni mwa bwawa, viatu mkononi,
hataki kupanda, hataki kuondoka:
wingu begani mwake kama mtoto aliyelala.
Kiangazi chote mbingu ya Dodoma haina hata doa
nami natembea na wingu langu mfukoni.
Jirani yangu Nyemo aliitazama picha ile muda mrefu,
akauliza,
"Na ilinyesha?"

Jana usiku niliipima.
Nikatoa betri, nikatoa kadi, nikajaza tishu,
nikaizamisha kwenye ndoo ya mwisho ya mgao,
ile ya kuogea asubuhi.
Dakika kumi juu ya kigoda
kama mtu anayechemsha yai.
Tishu ikatoka na doa,
saizi ya punje ya uwele.
Punje moja.
Punje moja ni kuvuja, au ni jasho tu la uzee?

Laki tisa ni tanga jipya na kamba zake.
Ni bati za jiko la mama, na misumari inabaki.
Ni miezi mitatu ya kutokwenda Mtera kabisa,
nimekaa nyumbani na kamera isiyoogopa maji,
naipiga picha ndoo.

"Dada, unawaza nini?"
Nikamwuliza Jitesh: ikiponyoka mkononi,
inaelea?
Akageuza boksi. Akavaa miwani. Akageuza tena.
Haivuji, imeandikwa. Haipasuki. Haigandi kwa baridi.
Feni ikazunguka mara nyingi.
"Hiyo hawajaandika," akasema,
na huyo ni mfanyabiashara, lakini si mwongo.

Nikaiona kule chini, kwenye tope, kati ya mizizi,
nzima, kavu ndani kama siku ya kwanza,
na picha zetu zote zimehifadhika salama
mahali ambapo hakuna wa kuzifungua.

Fundi baiskeli wa Majengo, mzee Chilewa,
alipima kimlango kwa ukucha,
akakata mpira kutoka tyubu ya kuukuu,
akaupaka grisi kidogo kwa njiti ya kiberiti.
Elfu mbili. Sikubisha.
Mlangoni pa genge nikachukua ndala ya kijani,
mguu mmoja tu, mwenzake ulipotea, wakanipunguzia.
Nitaikata kisigino, nitaitoboa, nitaifunga kwenye kamba ya kamera.
Ndala haijawahi kuzama, muulize mtoto yeyote wa mtoni.

Mwisho wa mwezi nitapita tena kwa Jitesh.
Kuangalia tu.

Ujumbe wa Lechipya, saa kumi na moja:
Jumamosi upepo utakuwa mzuri. Umenunua?
Nikaandika, nikafuta, nikaandika:
Nimenunua ndala.