Daftari la Maturubai

Naanza na hesabu, maana niliitwa kwa ajili ya hesabu:
kaya sitini na moja, maturubai sitini.
Ndoo zilitosha. Sabuni zilizidi vipande kumi na viwili,
hadi leo vimo kabatini, vimepasuka kama visigino.

Tetemeko lilikuja Jumanne, kanga wa porini hawajaamka.
Halikunguruma. Ilikuwa kama mtu anayeburuta kinu
chini ya kitanda chako, polepole, halafu ghafla.
Mbuzi walinyamaza wote kwa pamoja.
Ndipo tembe zikashuka.

Mgeni asiyeijua Chihembe atauliza:
nyumba fupi namna ile ingemuua nani?
Lakini paa la tembe ni shamba. Ni udongo juu ya fito,
na kila mwaka kabla ya mvua tunaupandisha mwingine,
karai kwa karai,
mama anakabidhi, mtoto anapokea, baba anashindilia.
Huo ndio ulioshuka.
Tulizikwa na kazi ya mikono yetu.
Watu tisa. Wa tisa hakuwa na jina bado.

Siku ya nne lori likafika kutoka mjini,
vumbi jekundu mpaka kwenye kope za dereva.
Akashuka kijana mwenye kizibao cha kung'aa, mpole,
Erasto, sauti imemkauka kwa vijiji vitatu kabla yetu.
"Nani hapa ana mwandiko unaosomeka?"
Wakaninyooshea kidole.

Nikaketi juu ya kinu kilichopinduka,
daftari gotini, kidau cha wino wa zambarau miguuni,
nikaandika namba moja,
na mbele ya namba moja nikaandika jina langu.

Sikubomokewa. Semeni kweli, mlioniona.
Jiko tu lilipata ufa wa kupitisha kidole.
Nilijiambia: mwandishi naye ni mwathirika.
Nilijiambia: nikiloa mimi, daftari litaloa.
Visingizio vina adabu, hupiga hodi kabla ya kuingia.

Foleni ikasogea. Chilongani. Mzee Mbeleje na wajukuu.
Ndahani, mkono umefungwa kwa kitenge cha marehemu.
Kidole, wino, karatasi. Kidole, wino, karatasi.
Jua utosini, harufu ya maharage ya gunia jipya
ikichanganyika na ile nyingine, tusiitaje.

Wa sitini na moja: Nyamwaja, mjane wa Lechipya.
Tembe yake ilikuwa sasa tuta refu, kama la viazi.
Akaweka dole gumba. Akalitazama lori tupu.
Erasto akaitazama karatasi yake, akahesabu tena kwa midomo.
Mimi nikaitazama kalamu.
"Haidhuru," alisema Nyamwaja, "mvua hailengi mtu."
Akaondoka na ndoo yake, blanketi kichwani.

Ililenga. Usiku uleule.
Nililala chini ya bati langu zima,
turubai limekunjwa pembeni, linanuka plastiki,
mikunjo yake imenyooka kama ya shuka la hospitali.

Saa nane nikalibeba.
Nilimkuta amesimama mlangoni, mlango mtupu,
fremu ilibaki, ukuta ulikwenda.
Ameuinamia mtungi wa mbegu za uwele,
blanketi la msaada limefunika mbegu. Yeye analoa.

Nilikuwa nimeandaa maneno.
Hakuyataka. Alishika pembe mbili, akanisukumia mbili,
tukavuta, tukafunga kwenye fremu, kwenye mchi, kwenye mpini wa jembe.
Hakusema asante.
Alilipokea kama mtu anavyopokea deni:
akalikagua, akaliona limetimia, akageuka.

Kisha, gizani:
"Kesho njoo na karai.
Udongo ni uleule. Utapanda tena."

Daftari liko ofisi ya kata. Ukilifungua,
namba moja bado ni mimi,
dole langu limekolea kuliko yote,
kwa sababu wino ulikuwa mpya.