Usiwachungulie

Mwezi wa tatu huu, na hawataki.
Dume anajipamba mbele ya kioo tu,
anatanua mapezi, ncha nyekundu,
kama bwana harusi aliyekosea ukumbi.
Jike yuko nyuma ya bomba la kupasha maji,
kijivu, kimya, ana lake moyoni.

Hawa ni jamaa ya sato, lakini vibete:
dume hazidi kidole changu cha kati,
jike ni nusu yake, hasira mara mbili.
Baba aliwaleta kutoka Plzeň ndani ya chupa ya chai,
kaikumbatia njia nzima ya treni,
na wiki ile ile mapafu yake ya mchimba makaa
yakamlaza wodi ya nne, kitanda cha dirishani.

Kila jioni, saa moja na nusu, simu.
Haulizi nimekula nini.
"Wametaga?"
"Bado."
"Maji ya bomba ni magumu mno, Draha.
Hata mimi yananikaba."

Nikatega ndoo roshanini, ghorofa ya sita.
Mvua ya Ostrava ikaja na masizi yake,
nikaichuja kwa soksi yake kuukuu
iliyoshindiliwa mboji ya kinamasi,
hadi tangi zima likawa chai ya rangi.

"Wametaga?"
"Bado."
"Majani je?"
Nilikwenda makaburini kuokota ya mwaloni, makavu.
Mlinzi akauliza natafuta nini.
Nikasema: shuka za kitanda cha arusi.
Hakucheka. Akaniletea mfuko.

Nazi sikuwahi kuipasua maishani.
Niliivunja kwa nyundo ya Baba, nikaila nikiwa nimesimama,
kifuu nikakifudikiza mchangani.
"Mlango upitishe jike tu," alisisitiza,
"dume abaki kubisha hodi."

Viluwiluwi vya mbu nikavikinga kwenye pipa la Bi Hedvika,
naye akidhani nimerukwa na akili.
Nikatia na samaki wembamba kumi wasio na kazi,
waelee huko juu bila habari,
maana mwoga hutoka akiona wengine wanatembea.

"Wametaga?"
"Bado, Baba."
Kimya. Nikasikia oksijeni yake
ikitoa mapovu kama chujio la tangi.
"Unakaa wapi ukiwaangalia?"
"Kwenye kiti chako. Pua kiooni."
Akacheka hadi muuguzi akaja.
"Mwanangu, mama yako na mimi
tulilala miaka miwili chumba kimoja na bibi yako.
Unadhani kwa nini ulichelewa?
Usiwachungulie. Ziba kioo. Kalale."

Nikabandika magazeti.
Nikabadili theluthi ya maji kwa mvua ya baridi,
polepole, kwa mpira mwembamba,
kana kwamba huko mtoni kwao, nisikokujua,
masika yameanza.
Usiku ngurumo ikapita milimani.
Siku nne sikugusa kitu.

Usiku wa tano niliamka kunywa maji.
Kunywa maji tu.
Gazeti lilikuwa limebanduka pembeni.

Jike alikuwa wa manjano.
Si ya ndimu, si ya ua:
manjano ya kizibao cha mafundi wa reli,
na nyusi kachora upya kwa wino mweusi.
Bwana Mapezi kafukuzwa kona ya mbali,
mkia umeraruka, sura ya mtu asiyeelewa.
Nikapiga magoti na tochi. Darini mwa kifuu, mayai,
mekundu; nilifika arobaini
akanigeukia, ghadhabu tupu, saizi ya kidole gumba.
Nikarudi nyuma. Nikamwomba radhi kwa sauti.

Sasa ni saa tisa usiku.
Wodini hawapokei simu saa hizi.
Nimekaa jikoni bila taa,
habari nimeibeba mdomoni
kama sato mkubwa abebavyo wanawe,
siwezi kula, siwezi kusema,
hadi saa moja na nusu.