Shufwa na Witiri

Jengo letu lina lifti mbili na ghorofa ishirini na mbili.
Ya kushoto husimama kwenye shufwa: mbili, nne, sita.
Ya kulia ni ya witiri.
Aliyechora ramani alitaka kuiokolea manispaa fedha,
milango michache, nyaya chache;
hakujua kwamba anapasua watu
kama anayebanja karanga.

Mimi wa kumi na mbili. Miaka sita ndani ya Glasgow
nakijua kikohozi cha kumi na nne, mbwa wa ghorofa ya nane,
vitunguu vya Rebwar wa kumi na sita vinavyoshuka kabla yake.
Juu ya dari yangu, kumi na tatu, mtu alivuta kiti
kila alfajiri, kwaruu,
nami nikamjua kwa kiti hicho tu.

Kwetu witiri ni swala ya mwisho kabla ya kulala.
Huku ni watu wanaongoja upande wa pili wa ukumbi
wakitazama viatu vyao.

Kisha, mapema Desemba, lifti ya kulia ikafa.
Haikupiga kelele. Ilifungua mlango, ikaufunga nusu,
ikabaki hivyo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Barua ikaja: tunasikitika, kipuri kimeagizwa.
Siku tatu, ilisema. Zikawa tisa. Zikawa thelathini na moja.

Ndipo witiri wakaanza kushukia kwetu.
Kijana mwenye baiskeli begani.
Mama wa Kieritrea, mapacha tumboni, viazi mkononi.
Na bibi mmoja mwembamba, koti la kijani, akihema
kama birika lililosahauliwa jikoni.
Angeweza kupanda hadi kumi na nne, ateremke.
"Magoti yangu," akasema, "yanachukia kushuka kuliko kupanda."

Nikamtolea kiti.
"Ishbel Geddes, wa juu yako.
Nipo hapa tangu rangi ya ukuta ilipokuwa mbichi."
Nikamwambia, nakujua. Unaamka saa kumi na moja na nusu.
Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Kwako alikaa fundi wa meli. Alifia bafuni.
Usiogope, alikuwa mpole."

Kiti kikabaki koridoni.
Kikaja cha pili, mguu umefungwa waya.
Rebwar akaleta chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko.
Tukasomeana barua: za kodi, za hospitali,
za Wizara ya Mambo ya Ndani, ambazo mtu hazisomi peke yake.

Mlinzi wa jengo akabandika karatasi:
VITI VIONDOLEWE. NI HATARI YA MOTO.
Hatukubisha. Moto, kwa watu wa majengo kama letu,
si jambo la mzaha.
Tukavitoa. Chai tukainywa wima.

Januari fundi akaja, redio mfukoni,
saa mbili tu, kazi ikaisha.
Lifti ikapanda na kushuka ikinuka grisi mpya.
Tukapiga makofi, naam, hata mimi,
na usiku ule korido ikawa korido.
Taa ikajizima yenyewe
kwa kukosa mtu wa kumwakia.

Nikabaki na alama nne sakafuni, mahali pa miguu ya kiti.
Nilizipiga deki. Hazikutoka.

Jumanne mlango wa lifti ya shufwa ukafunguka.
Koti la kijani. "Lo," akasema, "nimekosea lifti."
Alhamisi akakosea tena.
Jumamosi alikosea akiwa na keki ya zabibu
ndani ya taulo, bado moto.

Miaka hamsini katika jengo moja!
Simsahihishi. Naacha mlango wazi,
kiti nimekiweka ndani, hatua moja tu toka kizingitini,
pale ambapo karatasi ya mlinzi haifiki.

Na alfajiri, juu ya dari,
kwaruu.
Nami huku chini, sijui kama anasikia,
navuta changu.