Bandari Isiyo na Maji

Nimeandika muhtasari kwa kalamu ya kuazima:
Moshi, kata ya Njoro, saa nne asubuhi,
wajumbe mia mbili na kumi na saba,
ajenda moja: bandari.

Mtu akaangua kicheko huko nyuma.
Bandari! Meli itapita mto Rau?
Ndeanasia Kweka, muuza mitumba, akasimama:
"Meli ibaki hukohuko. Makontena yatapanda reli.
Mimi nauliza, ufunguo wa geti atashika nani?"

Kicheko kikakatika.

Tukachora mpaka kwa penseli,
kutoka stesheni hadi maghala ya kahawa,
ukapinda kidogo kukwepa makaburi
(Eliakunda aligoma mpaka ukapinda).
Bodi ya watu watano, wachaguliwe na wakazi,
miaka mitatu, basi.
Ushuru upangwe hadharani.
Daftari la hesabu lifunguliwe kila robo mwaka
kwa yeyote, na asiyejua kusoma
asomewe.

Hoja ya posho ilitula saa nzima.

Kisha kura, ndani ya debe la mafuta ya kupikia.
Ndiyo, mia moja na tisa.
Hapana, mia moja na nane.
Tukahesabu tena. Tukahesabu mara ya tatu.

Kura moja. Nimeiandika, nikapiga mstari.
Sikuandika kwamba yangu ilitumbukia mwisho,
na kwamba mkono ulitangulia, moyo ukafuata.

Nje, mbuzi wawili walikuwa relini
wakila nyasi katikati ya mataruma,
hawajapelekewa taarifa.