Moja

Nilipewa moja, kwa wino mwekundu.
Nikaikunja karatasi mara nne
nikaisukuma ndani ya soksi.

Kwetu Plovdiv, sita ndiyo taji.
Sita hubandikwa jikoni, juu ya birika;
babu huionyesha hata kwa msoma mita.
Mbili ni kufeli. Moja haipo,
moja ni chini ya sakafu, kwenye udongo.

Basi siku tatu hapa Kassel
nilikula mkate mkavu bila kuinua macho.
Mwalimu Kühnert alitabasamu ngazini,
nami nikasikia: pole, mjinga wa mbali.

Aliyelifumua fumbo ni Jonte.
Nilimkuta kwenye banda la baiskeli,
makamasi hadi kidevuni,
karatasi mkononi: sita.
Nikamkumbatia. Nikampongeza!
Nikamwambia leo mama yako ataoka keki.

Alinitazama
kama anayemtazama mpiga vigelegele matangani.

Tuliketi chini, penseli moja kati yetu.
Akachora ngazi yake, nikachora yangu:
yake inashuka pale yangu inapopanda.
Nikavua kiatu, nikatoa ile karatasi,
imelowa jasho, imechanika kwenye mikunjo.
Tukacheka. Yeye kwa shida.

Usiku nikampigia mama.
“Nimepata moja,” nikasema,
kisha nikanyamaza kidogo, makusudi,
nimsikie akivuta pumzi,
akitafuta neno
la kunipenda nalo hivyo hivyo.